Uliza Mtunza Bustani: Barua za makaburini

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu kwamba Jumapili baada ya ibada hupenda kutembea Mount Auburn, makaburi ya zamani yaliyo jirani na ninapoishi hapa Massachusetts, kwa sababu ya miti yake. Barua zilizokuja baada ya hapo zimenishinda kuzijibu zote. Nimechagua sita. Wengine mnisamehe, zenu nimezisoma.

Shikamoo mzee. Mwezi wa tano tulimzika mama mmoja wa kanisani kwetu hapo Mount Auburn. Tukiwa bado tunaimba, wakapita watu wenye darubini shingoni wanatazama ndege juu ya miti. Iliniuma. Hivi makaburi ni mahali pa matembezi? Na miti ile yote ni msitu uliobaki au kuna aliyeipanda? – Msomaji, Lowell

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Uchungu wako naujua. Sisi tumelelewa kwamba makaburini huendi bila sababu, na ukipita unanyamaza. Lakini wale wenye darubini hawakuvamia mahali pa wafu. Watu wa namna yao wamekuwepo pale tangu siku ya kwanza, maana makaburi yale yalianzishwa na watu wa bustani.

Boston ya miaka ya 1820 ilikuwa ikizika watu wake katikati ya mji, kwenye viwanja vidogo vya makanisa na hata kwenye vyumba vilivyochimbwa chini ya makanisa yenyewe. Kaburi juu ya kaburi. Jacob Bigelow, tabibu aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea na mwalimu pale Harvard, aliona jambo hilo linawadhuru walio hai na linawavunjia heshima waliokufa. Mwaka 1825 aliwaita rafiki zake nyumbani kwake akawaeleza wazo lake: watoke mjini, watafute ardhi yenye miti, wawazike watu humo. Ilichukua miaka sita. Chama cha Bustani cha Massachusetts kilizaliwa 1829, na 1831 kikachukua ekari 72 za vilima na msitu kwa dola 6,000. Wanafunzi wa Harvard walikuwa wakienda huko kupunga upepo na wakapabandika jina Sweet Auburn. Rais wa chama, Henry Dearborn, akishirikiana na mpimaji kijana aitwaye Alexander Wadsworth, alichora barabara zinazofuata mwinuko wa ardhi badala ya kuikata. Ukitembea pale leo utaona: barabara haikupeleki moja kwa moja popote, inazunguka kilima kama ng'ombe anavyoteremka mtoni.

Makubaliano yalikuwa sehemu moja iwe makaburi na sehemu nyingine iwe bustani ya kujaribia mimea, matunda na mboga. Kiwanja cha familia, futi 15 kwa 20, kiliuzwa dola 60, na pesa hiyo ilitakiwa ilishe pande zote mbili. Haikudumu. Mwaka 1835 waligawana, makaburi yakawa na bodi yake, na ile bustani ya majaribio mwisho wake ikawa viwanja vya kuzikia. Lakini desturi ya kupanda na kuandika kilichopandwa ilibaki.

Siku ya kuyaweka wakfu, tarehe 24 Septemba 1831, watu wapatao 2,000 walikaa kwenye miteremko ya bonde lililo katikati ya msitu, na aliyehutubia alikuwa Joseph Story, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Miezi michache nyuma alikuwa amemzika binti yake wa miaka kumi. Kila nikifika bonde lile huwaza hilo kwanza. Aliyesimama kusifu uzuri wa mahali pale alikuwa baba mwenye kidonda kibichi.

Kwa hiyo miti ni yote mawili. Mialoni ilikuwepo kabla ya kaburi la kwanza, na mingi mingine ililetwa, mingine kutoka Ulaya, mingine kutoka China na Japani. Leo eneo ni ekari 175, watu waliozikwa wanakaribia 100,000, wanaendelea kuzikwa, na miti imepita 5,000. Barabara nyingi zimepewa majina ya miti na njia za miguu majina ya maua na vichaka. Ukiuliza kaburi la mtu, utaambiwa jina la mmea.

Na kwa nini mliwakuta watu wa ndege mwezi wa tano? Ndio mwezi wenyewe. Ndege wadogo, wengi uzito wao haufiki wa kijiko kikubwa cha sukari, wanarudi kutoka Amerika ya Kati na ya Kusini, wanaruka usiku kucha, na alfajiri wakiwa wamechoka wanaona kisiwa cha kijani katikati ya mji. Wanashuka. Wamekuwa wakishuka hapo miaka na miaka, na wakazi wameshika desturi ya kwenda kuwapokea. Mbwa hawaruhusiwi pale, wala kutandika mkeka ukala. Nami nimeshuhudia kwa macho yangu mzee mmoja wa Kizungu, aliposikia wimbo wa mazishi nyuma ya vichaka, akashusha darubini, akavua kofia, akasimama mpaka ulipokwisha. Wale waliopita bila kusimama walikosa adabu. Hapo niko upande wako.

Mzee, mwezi wa kumi nilikuwa natembea makaburini nikasikia harufu kama mtu anachoma sukari. Nikatafuta moshi sikuona. Dada niliyekuwa naye aliniambia ni mti. Ananitania? – Mama wawili, Watertown

Hakutanii, mama. Huo ni katsura, mti wa kutoka Japani na China. Jani lake ni la mviringo kama moyo, dogo kuliko kiganja cha mtoto, na linapogeuka njano na kuanza kukauka hutoa harufu ya sukari iliyoungua sufuriani. Bichi halinuki hivyo. Okota majani matano yaliyoanguka siku ya baridi kidogo baada ya mvua, yafinye, kisha uwanusishe wanao bila kuwaambia kitu. Wangu walisema kashata.

Shikamoo baba. Sisi ni ndugu wanne, wazazi wetu wote wamezikwa kihambani huku Mwika. Mwakani tunataka kujengea makaburi kwa vigae na kupanda miti ya kivuli pembeni ili watu wakija wapate pa kukaa. Kaka mkubwa anataka mijakaranda kwa sababu ya maua. Tupande wapi, na ipi? – Kitinda mimba, Moshi

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu kosa mnalotaka kulifanya nimelifanya mimi.

Baba yangu alifariki 1997. Nilirudi Old Moshi mwaka uliofuata, tukajenga kaburi kwa saruji na vigae vyeupe, na mimi mwenyewe nikapanda mjakaranda upande wa kichwani, hatua mbili kutoka ukingoni. Nilikuwa tayari nafanya kazi ya bustani, nilijiona najua. Mti ukapenda pale. Nilipokuja 2011 maua yalikuwa yametapakaa juu ya kaburi kama kanga iliyotandikwa, na chini ya maua hayo pembe moja ya kaburi ilikuwa imeinuka upana wa vidole vinne. Kigae chenye jina la baba kilikuwa kimepasuka katikati ya jina. Mama alikuwa bado hai. Hakunilaumu, alisema tu, "Mti wako una nguvu." Tuliukata. Ilinichukua siku mbili kuung'oa mzizi uliopita chini ya saruji, na ulikuwa mnene kama paja.

Sasa nikuambie kilichotokea ardhini. Watu wengi hudhani mzizi wa mti unashuka chini kama msumari, kwa hiyo ukipanda pembeni hautagusa kitu. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti mkubwa iko kwenye futi mbili za juu za udongo, ambako kuna hewa na maji, na inatambaa kwenda mbali kuliko matawi yalipoishia, mara mbili au tatu. Chini ya saruji kuna unyevu usiokauka. Mzizi ukishaufikia unakaa hapo, unanenepa kila mwaka, na saruji haiwezi kubishana na kitu kinachonenepa.

Kwa hiyo mkubalieni kaka yenu mjakaranda, lakini uende ukingoni mwa kihamba, hatua kumi na tano kutoka kwenye makaburi, na usiwe juu ya mfongo, ule mfereji wa maji ya kumwagilia. Karibu na makaburi, ndani ya hatua tatu nne, pandeni isale, mmea wetu Wachaga wa kuwekea mipaka. Wazee wetu hawakulichagua kwa bahati. Halinenepi haraka, mizizi yake ni ya nyuzi, ukikata bua linachipua, na likikaa miaka hamsini bado linasema palepale mpaka ulipo. Kila Mchaga anayepita anajua isale hilo linamaanisha nini kabla hajasoma kigae. Kwa kivuli cha kukaa watu, kama kihamba kina nafasi, mringaringa ni mti wetu, maua yake meupe nyuki wanayapenda, na kivuli chake hakiui kahawa. Mgrevilea msiupande juu ya pa kukaa watu. Matawi yake hukatika kwa upepo bila kuaga.

Jambo jingine, na hili nimejifunza huku. Niliwahi kusimama Mount Auburn karibu saa nzima nikawatazama vijana wawili wakipanda mti mmoja. Walichimba shimo pana kama meza ya chakula, lakini fupi. Kabla ya kuuweka mti ndani, mmoja alipiga magoti, akaanza kukwangua udongo shinani kwa vidole, polepole, mpaka akapata pale shina linapoanza kupanuka kuwa mizizi. Kisha akalaza mpini wa koleo juu ya shimo, kutoka ukingo hadi ukingo, akapima: upanuko ule ulitakiwa ulingane na mpini. Ulikuwa chini kwa inchi mbili. Wakautoa mti mzito ule wakarudisha udongo shimoni, wakaukanyaga, wakapima tena. Mara tatu. Mti uliozikwa shingo haufi mwaka huo, unakufa baada ya miaka kumi, aliyeupanda akiwa ameshasahau. Ninyi mkipanda, fanyeni hivyohivyo, hata kama ni mche wa kutoka kitalu cha barabarani. Majani makavu yawekeni kuzunguka, unene wa vidole vinne, ila yasiguse shina.

Na andikeni. Nunueni daftari la kawaida, mwandike mti gani, nani kaupanda, tarehe gani, hatua ngapi kutoka kaburi la mama. Pale Mount Auburn miti ina visahani vidogo vya chuma vyenye jina na namba, na namba hiyo ina ukurasa wake ofisini. Mti ukianguka wanajua nini kimeanguka. Mjakaranda wangu ungekuwa na maandishi, mdogo wangu aliyebaki nyumbani angejua kwamba ulikusudiwa kuwa mdogo na kwamba ana ruhusa ya kuukata mapema. Alikuwa anaogopa kuugusa kwa sababu niliupanda mimi.

Assalaam aleikum mzee. Makaburi ya ukoo wetu yako nyuma ya msikiti wa zamani, ukuta wa matumbawe. Sisi wanawake tumezoea kupanda mrehani. Vijana waliotoka masomoni wanasema mimea makaburini si sawa, na wengine wanataka kupanda mikilifi ukuta mzima. Wewe waonaje? – Bibi wa watu, Mombasa

Wa aleikum salaam, dada yangu. La hukumu sina mamlaka nalo, mimi ni Mlutheri, na masheikh wenu wapo. Nijuacho ni kwamba wazee wa pwani niliozungumza nao wanaikumbuka hadithi ya Mtume kulipasua kuti bichi la mtende na kuliweka juu ya makaburi mawili, na wengine ndipo wanapoitegemeza desturi ya mrehani. Wakalizungumze wenyewe wanaolijua. Mimi nitasema habari za mizizi.

Mrehani hauna neno. Mizizi yake ni ya shibiri moja, hauvunji kitu, unakufa unapandwa mwingine, na anayekuja kuumwagilia amekuja kuzuru. Mkilifi, huo wengine tunaouita mwarobaini, ndio usiupande ukutani. Unakua haraka, unatafuta maji mbali, na ukuta wa matumbawe na chokaa hauna chuma ndani cha kuushikilia.

Lakini adui yenu mkubwa hamjamtaja, labda kwa sababu hakuna aliyempanda. Ni jamii ya mikuyu. Ndege au popo anakula tunda lake, anatua juu ya ukuta, anaacha mbegu kwenye ufa. Inaota hapo bila udongo, inateremsha mizizi myembamba kama uzi, na uzi ule ukigusa ardhi unakuwa kamba, kisha mkono, kisha nguzo. Nenda kwenye magofu ya Gede ukaone miti ilivyoingia katika kuta. Mche ukiwa mwembamba kuliko kidole, ng'oa leo. Ukishakuwa mnene kuliko mkono, usiuvute hata kidogo, maana wakati huo mizizi ndiyo inayoshika mawe na ukiivuta ukuta unakufuata. Kateni shina karibu kabisa na ukuta, chipukizi mzikate kila zinapotokea mpaka mti uchoke, mizizi iozee ndani, kisha fundi wa chokaa azibe nafasi. Asizibe kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na haipumui, chumvi na unyevu vitatokea pembeni na kulimega jiwe.

Na kama kuna mbuyu, mwacheni mbuyu. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, mibuyu na makaburi ya minara vimesimama pamoja, na sijaona mandhari ya kaburi yanayonigusa zaidi pwani yote.

Mzee habari. Mimi nafanya kazi ya kukata nyasi kwenye makaburi ya mji mmoja huku Rhode Island. Kuna miti mikubwa ya gome la kijivu, laini. Mwaka huu majani yake yana mistari ya giza kati ya mishipa, mengine yamejikunja, magumu kama ngozi. Bosi anasema ni ukame. Ni ukame? – Kijana wa mashine

Si ukame, kijana wangu, na umefanya vizuri kutazama juu wakati kazi yako iko chini.

Mti huo kwa Kiingereza ni beech, wataalamu wanauita Fagus. Jina lake la Kiswahili silijui, na nyumbani kwangu tunauita ngozi ya tembo, kwa sababu gome lake kwenye maungio ya matawi limekunjana vilevile kama goti la tembo. Fanya hivi: simama chini ya tawi, ulitazame jani likiwa kati yako na jua. Kama mistari ile ya giza iko sawasawa kati ya mshipa na mshipa, kama mwanga unavyopita kwenye pazia la mbao, basi ni ugonjwa uliogunduliwa Ohio 2012 na kufika Massachusetts 2020. Unaletwa na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, jamaa wa minyoo fundo wanaowasumbua wakulima wa nyanya kwetu. Tofauti ni kwamba hawa hawakai mizizini. Wanapita majira ya baridi ndani ya chipukizi, wanakula jani likiwa bado limekunjwa humo, na linapofunguka mwezi wa tano madhara yameshafanyika. Mwaka baada ya mwaka chipukizi zinakufa, kilele kinakuwa wazi, na miti michanga ndiyo huondoka kwanza.

Mwambie bosi wako aite mtaalamu wa miti mwenye leseni. Dawa za kupunguza nguvu ya minyoo hao zipo, lakini si za kununua dukani na kunyunyiza mwenyewe, na mti hauponi moja kwa moja, unasaidiwa. Miti hii ndiyo iliyopendwa sana na wapandaji wa makaburi wa zamani, hasa ile ya Ulaya yenye majani mekundu meusi na ile ya matawi yanayoning'inia mpaka chini kama chumba. Mkiipoteza, aliye hai leo hatakiona tena kivuli kama kile. Hemloki, miti ya jamii ya misonobari, nazo zimeshambuliwa vivyo hivyo na mdudu mwenye sufi nyeupe, na milmi, ile inayoitwa elm kwa Kiingereza, mingi ya barabarani huku Marekani ilifagiliwa na kuvu karne iliyopita. Ndiyo maana siku hizi ukiona makaburi yanapanda upya, wanachanganya: hapa mwaloni, pale mti mwingine kabisa. Bonde lile la Mount Auburn nililolitaja juu wameanza tangu miaka ya 1990 kulirudishia mimea ya asili ya huku, na kwenye kidimbwi chake salamanda, viumbe kama mijusi wenye madoa ya njano, hutoka ardhini usiku wa mvua za kwanza za machipuko kwenda kutaga.

Nawe nikuombe jambo moja. Ile mashine yenye uzi unaozunguka, usiifikishe shinani. Gome la mti huo ni jembamba, na chini ya gome ndiko chakula chake kinakopita. Uzi ukikwangua duara zima, umeuua mti wa miaka mia kwa dakika moja. Nyasi za kuzunguka shina zing'oe kwa mkono. Kama bosi anahimiza haraka, mwonyeshe kovu.

Mzee, mimi niko Dar es Salaam, nasoma safu yako kwa mapenzi. Ila niseme ukweli: makaburi ya matajiri wa Boston, na miti yao ya kutoka Japani, yanatuhusu nini sisi? – Mwalimu mstaafu, Temeke

Mwalimu, shikamoo. Swali ni la haki na ninalipenda.

Yanatuhusu, na si kwa wema tupu. Umewahi kumsikia bibi yako akitaja merikani? Ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi, iliyokuwa ikipimwa kwa mkono kutoka Unguja mpaka Unyamwezi. Jina lake linasema ilikotoka. Wafanyabiashara wa Salem, bandari iliyo karibu na hapa, waliipeleka Zanzibar wakarudi na pembe na sandarusi, na mkataba wa Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini 1833, miaka miwili baada ya Mount Auburn kufunguliwa. Nguo yenyewe ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na pamba ya viwanda hivyo ilichumwa na watumwa wa Kusini. Nathan Appleton, mmoja wa waanzilishi wa viwanda vya Lowell, amezikwa Mount Auburn. Abbott Lawrence pia. Wako chini ya miti mizuri.

Sasa panda juu kidogo mpaka mbele ya kanisa dogo la makaburi. Utakuta sanamu kubwa ya jiwe, mwili wa simba na uso wa mwanamke, ukumbusho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kazi ya Martin Milmore. Aliyeiagiza ni yuleyule daktari Bigelow, na ilisimamishwa mwaka 1872, akiwa na umri wa miaka 85. Kwenye jiwe kumeandikwa, nikitafsiri, kwamba Muungano wa Marekani umehifadhiwa na utumwa wa Waafrika umeangamizwa, kwa kuinuka kwa taifa kubwa na kwa damu ya mashujaa walioanguka. Mtu yule alianza na miti na akamalizia na maneno hayo.

Lakini ukija, mwalimu, usiishie hapo. Uliza Njia ya Klethra. Kando yake amezikwa Harriet Jacobs. Alizaliwa mtumwa Edenton, North Carolina, mwaka 1813. Bwana wake alimwandama, akatoroka, akajificha darini juu ya kibanda cha bibi yake, mahali asipoweza kusimama wima, karibu miaka saba, akiwachungulia watoto wake kupitia tundu alilotoboa ukutani. Mwaka 1842 alifika Kaskazini. Akaandika maisha yake kwa mkono wake, yakachapishwa 1861, akafanya kazi na waliokombolewa wakati wa vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe, na baadaye akaendesha nyumba ya wapangaji pale Cambridge. Alifariki 1897. Yuko pamoja na mdogo wake wa kiume John, na binti yake Louisa akaja kulazwa hapo 1917. Jiwe lake si kubwa. Limeandikwa maneno yaliyotolewa katika Warumi 12, ya kusubiri katika dhiki na kumtumikia Bwana kwa bidii ya roho.

Nilipofika mara ya kwanza nilikuwa na mke wangu. Tulisafisha majani yaliyolowa juu ya jiwe kwa viganja, tukakaa chini. Nilimwambia kwamba klethra ni kichaka cha kienyeji cha huku, kinapenda penye maji maji, kinastahimili kivuli, na wakati maua mengine yamekwisha kwa joto, chenyewe ndipo hutoa mashada meupe membamba kama mkia wa paka. Akaniuliza kama walimweka pale kwa makusudi. Nilimjibu kwamba njia zilipewa majina yake muda mrefu kabla.

Njoo mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nyuki watakuwa wengi, usiwaogope, hawana haja na wewe. Klethra ikiwa imechanua utaisikia kabla hujaiona.